Sufuria Zilizonyamazishwa

Ninyi mnaoishi mbali na ziwa mnalala vizuri, na sina kinyongo na hilo. Kisa hiki lakini ni cha Homa Bay, na mtu akikisikiliza akiwa ufukweni huangalia kwanza sufuria yake iko wapi. Kilianza na kitu kidogo mno, kitu ambacho mtu yeyote angekipuuza, na Rispa akakipuuza.

Ilikuwa Mei, mwaka wa 1963, jioni ya kuhesabu kura. Rispa alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, anasomea uandishi wa habari Nairobi, na safari hii hakurudi kwao kwa likizo. Alikuja kikazi, kumsaidia Bwana Momanyi, mpiga picha wa televisheni, kuleta habari za usiku wa uchaguzi. Momanyi alishika kamera. Rispa alishika mashine ya kunasa sauti, sanduku zito lenye magurudumu mawili ya tepu, na masikioni akavaa visikizio.

Saa moja jioni aliijaribu mashine ndani ya ukumbi wa kuhesabia kura. Akahesabu moja mpaka kumi mbele ya maikrofoni, akairudisha tepu, akasikiliza. Sauti yake ilitoka safi kabisa. Lakini nyuma yake, mbali, kulikuwa na mlio: ko, ko, ko, ko. Chuma kinagongwa. Sufuria nyingi zinagongwa, na mlio unasogea.

Akavua visikizio. Ukumbini makarani walikuwa wanapanga meza. Nje ziwa limetulia, jani halitikisiki, na hapakuwa na mtu anayegonga chochote. Akavivaa tena, na mlio bado upo. "Tepu kuukuu hii," akajiambia. "Kuna harusi walinasa, hawakufuta vizuri." Akaifuta, akaendelea na kazi zake.

Kusema kweli aliujua mlio ule, na ndiyo maana alikuwa na haraka ya kuufuta.

Watu wa pwani wangesema ni majini. Huku ziwani wanaitwa nyawawa: roho za waliozama na kukosa kaburi, ambazo usiku wa upepo hutoka ziwani na kupita makwetu zikiita watu kwa majina, tena kwa sauti za watu wao wenyewe. Hazifukuzwi. Zinasindikizwa. Boma la kwanza likizisikia linagonga sufuria, debe, jembe, chochote cha chuma, mpaka boma la pili lipokee, kisha la tatu, hivyo hivyo ufukwe mzima, mpaka zirudi majini upande wa pili. Sheria ni mbili tu. Usiache kugonga kabla jirani hajapokea. Na ukiitwa, usiitike.

Nyumbani kwa akina Rispa, hizo zilikuwa sheria za mama yake, Phelesia, peke yake. Baba yake, Mwalimu Elkanah, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato na hakutaka kusikia habari za nyawawa mezani pake. Yeye alikuwa na sheria yake moja, ambayo kila mtoto aliyepita darasani mwake aliijua: ukiitwa, itika. Kila asubuhi alisoma majina, na mtoto asiyesema "Niko hapa" papo hapo alisimama mpaka saa ya chai. Hakupenda kungojea, na hakupenda kungojewa. Ndiye aliyewakatalia ndugu zake waliosema msichana asipelekwe Nairobi. Rispa alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani, na aliona haya kwa sufuria za mama yake. Tusimlaumu sana. Nani kati yetu hajawahi kuona haya kwao?

Usiku ule Mwalimu Elkanah alikuwa mmoja wa makarani kumi wa kuhesabu kura. Alikaa mwisho wa meza ndefu, hatua tano kutoka kwenye mashine ya binti yake, na kila alipoinua macho alimtazama akiwa amevaa vile visikizio, akatabasamu, akarudi kwenye karatasi zake.

"Nakwambia wazi, dada," Momanyi alimwambia Rispa pembeni. Alikuwa mtu wa Kisii, mpole, hana maneno mengi. "Ukininasia matokeo vizuri leo, mimi mwenyewe nitawaambia wakubwa wa televisheni wakuchukue. Hakuna msichana pale. Utakuwa wa kwanza."

"Nitanasa vizuri, Bwana Momanyi."

"Filamu iliyobaki ni ya dakika tano. Msimamizi atasoma mara moja tu. Ikiharibika, imeharibika."

Saa tatu hivi Phelesia alifika na chakula cha mumewe, ugali na samaki aina ya ngege ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso. Askari wa mlangoni, Nchagwa, kijana wa Ntimaru, akampokea chakula akakiingiza ndani. Mwalimu alipomaliza kula, Rispa akamrudishia mama yake sufuria pale nje, walipokuwa wamejaa watu wakingoja matokeo.

"Nenda nyumbani, mama. Hii itachelewa. Sanduku la kura la Ogwedhi bado liko njiani, lori limekwama matopeni."

 Phelesia alikuwa ameugeuza uso upande wa ziwa, ananusa. "Upepo umegeuka, nyara," akasema. Nyara ni binti yangu. "Nitakaa hapa hapa karibu na baba yako."

Sanduku la Ogwedhi likaja saa nne na nusu, limetapakaa tope. Wakahesabu, wakarudia kuhesabu. Saa sita na nusu msimamizi wa uchaguzi akakunja mikono ya shati, akachukua karatasi yake, akasema yuko tayari. Waliokuwa wakingoja nje wakaingia kusikiliza, makarani wakanyamaza. Momanyi akasimama nyuma ya kamera. Rispa akavaa visikizio, akaweka kidole kwenye swichi, na hapo hapo akausikia, na safari hii haukuwa kwenye tepu.

Ko, ko, ko, ko.

Ulianzia mbali, upande wa magharibi, boma moja, kisha mawili, kisha ukawa unakuja na ufukwe, na jinsi ulivyokuja ndivyo upepo ulivyokuja nao, ukiwa na harufu ya tope la chini ya ziwa, lile tope jeusi ambalo halionwi na mtu ila nanga. Karabai zikapungua mwanga zote pamoja. Kisha mlio ukafika nje ya ukumbi. Sufuria ya kwanza kuupokea ilikuwa karibu sana, nyuma ya ukuta tu.

"Nini hiyo?" Momanyi akauliza. "Wanashangilia nani, na matokeo hayajasomwa?"

Rispa angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu. Lakini alimwona msimamizi anamtazama, na Momanyi anamtazama, akasikia haya ikimpanda usoni.

"Wanashangilia tu, bwana," akasema. "Ni watu wa huku."

"Wanyamaze. Dakika tano tu. Siwezi kupeleka kelele hizi Nairobi."

Rispa akatoka, na Nchagwa nyuma yake. Askari akaenda kwenye nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya ukumbi, akawaamuru waache, na kwa kuwa ni askari, wakaacha. Rispa akaenda kwa yule aliyekuwa ukutani. Alikuwa mama yake, ameishika ile sufuria ya ngege mkono mmoja na mwiko wa chuma mkono wa pili, anagonga huku amefumba macho.

"Mama. Acha kidogo."

"Siwezi. Wale wa mashariki hawajapokea."

"Dakika tano tu. Msimamizi anataka kusoma."

"Rispa, nyawawa wakinyamazishiwa hapa watashukia hapa," Phelesia akasema kwa sauti ya chini. "Unalijua hilo. Nilikufundisha na mkono wako ukiwa mdogo hivi."

"Kazi yangu iko pale ndani, mama. Usiniaibishe mbele za watu."

Phelesia akafumbua macho. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali kama angekasirika. Rispa akauchukua mwiko mkononi mwake, akaichukua na sufuria, akaingia nazo ndani, akaziweka chini ya meza ya mashine. Ukimya ukaanguka. Magharibi walikuwa wamekwisha kumaliza zamu yao. Mashariki walikuwa wanangoja kupokea, na hapakuwa na cha kupokea.

Akawasha mashine. Magurudumu yakazunguka.

Msimamizi akaanza kusoma, jina la mgombea na kura zake, jina la mgombea na kura zake, na sauti ikaingia kwenye visikizio safi kama Momanyi alivyotaka, hakuna kikohozi, hakuna mbwa, hata upepo ulikuwa umekata, na Rispa akapumua kidogo akajiambia yamekwisha, lakini chini ya sauti ya msimamizi akaanza kusikia nyingine, ambayo ukumbini haikuwapo, kwa maana alisogeza kisikizio kimoja na sikio lake tupu halikuisikia, akakirudisha ikawepo, sauti ya mtu anayetembea nje polepole akizunguka ukuta, miguu iliyolowa maji, chwa, chwa, chwa, inatoka dirisha la kwanza kwenda la pili, inatoka la pili kwenda la tatu, ikasimama mlangoni, na pale mlangoni mtu akaita kwa upole, "Baba."

Ilikuwa sauti ya Rispa mwenyewe.

 Akamwona baba yake, mwisho wa meza, anainua kichwa. Makarani wengine tisa hawakuinua vichwa. "Baba," ikaita tena kwenye visikizio, na Rispa akafungua kinywa ili aseme usiitike, ni mimi niko hapa, usiitike. Na Momanyi, ambaye jicho lake lilikuwa kwenye kamera, akamwinulia kidole kimoja: nyamaza. Magurudumu yalikuwa yanazunguka. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, labda moja na nusu.

Akafumba kinywa.

"Niko hapa, mwanangu," Mwalimu Elkanah akajibu, taratibu, ili asimkatize msimamizi. Akavua miwani akaiweka juu ya karatasi. Akainuka. Ili kufika mlangoni ilimbidi apite karibu na mashine, na alipita karibu hivi kwamba koti lake liligusa mkono wa binti yake. Alimtazama usoni. Alimwinamishia kichwa kidogo kwa adabu, namna ambavyo angemsalimu mwanafunzi wa shule nyingine, akapita. Rispa angeweza kumshika koti. Vidole vilikuwa tayari vimekwisha funguka. Lakini koti lingevuta waya, waya ungevuta maikrofoni, naye akavifunga.

"Asante," Momanyi akasema, akazima kamera. "Safi sana."

Rispa akatupa visikizio, akakamata sufuria na mwiko chini ya meza, akakimbia.

"Mwalimu yuko wapi?" akamwuliza Nchagwa mlangoni.

"Ametoka sasa hivi. Aliniambia bintiye anamwita," Nchagwa akasema. Kisha akamtazama Rispa vizuri, akaona ametokea ndani.

Phelesia alikuwa amepiga magoti njiani, mikono mitupu. "Nilimshika mkono," akasema. "Ulikuwa baridi. Akaniambia nisimcheleweshe." Rispa akampa sufuria na mwiko, na mama yake akagonga kama mwenye wazimu, na nyumba za nyuma zikagonga, na mashariki wakapokea kwa kishindo, mpaka Homa Bay nzima ikawa inalia chuma. Ndani ya ukumbi watu walidhani ni shangwe za ushindi, nao wakatoka wakipiga makofi.

Walitafuta kwa tochi mpaka mapambazuko. Nyayo za viatu vya Mwalimu zilishuka kwenye tope, zimenyooka, hatua sawasawa za mtu asiye na wasiwasi, zikaingia majini. Kando yake kulikuwa na nyayo nyingine, za miguu mitupu midogo ya kike, na hizo zilitoka majini na kurudi majini. Mwili haukuonekana siku ile wala siku ya arobaini.

Tepu ilikwenda Nairobi. Waliporudia kuisikiliza ofisini, katikati ya matokeo ilisikika sauti ya msichana ikisema "Baba" mara mbili, na ya mwanamume ikijibu. "Ulizungumza?" Momanyi akamwuliza, na Rispa akasema ndiyo, alisahau. Momanyi akachukua wembe, akakata kipande kile, akaunganisha tepu vizuri, na usiku huo watu wa Nairobi wenye televisheni wakasikia matokeo bila doa. Rispa akapewa kazi, msichana wa kwanza, kama alivyoahidiwa. Kila mwisho wa mwezi alimwandikia mama yake barua ndefu, na katika barua zote hizo hakusema kwamba alisikia kila kitu masikioni mwake, mapema, na nafasi ya kusema aliipata.

Jamaa walimleta mganga, Mzee Wangwe, mtu wa visiwani anayeheshimiwa. Alizunguka boma la marehemu mara moja tu, akaurudisha mkoba wake begani. "Hawa sina dawa yao," akasema. "Walikuwa wapita njia. Ninyi mkawakatiza, wakashuka, sasa wana mtu wao mwenye nyumba hapa. Gongeni tu. Wala msije mkachoka." Hakukubali hata chai.

Mwaka uliofuata, Mei, Rispa akaja nyumbani kwa likizo ya juma moja. Alimkuta mama yake amekonda, mpole mno, nyumba imefagiwa, miwani ya Mwalimu imefutwa vumbi na kuwekwa mezani penye nafasi yake. Kwa siku tatu walikula, wakalima, wakalala. Usiku wa nne upepo ukageuka.

Rispa aliamka kwa harufu ya tope. Magharibi walikuwa wanagonga tayari. Mama yake alikuwa amekaa kitandani na sufuria mapajani, ile ile, mwiko mkononi. Jirani wa mwisho akagonga, akagonga, akawa anangoja wao wapokee. Phelesia hakugonga.

"Mama. Ni zamu yetu."

"Usigonge kwanza," Phelesia akanong'ona. "Mwaka mzima nimegonga. Kila akija ninampigia kelele kama mwizi. Leo uko hapa, sina hofu. Dakika tano tu, mwanangu. Nimsikie."

Neno hilo likamwingia Rispa mpaka kwenye mifupa. Akatambaa kitandani kuelekea kwa mama yake, na kabla hajafika, nje ya mlango, karibu sana, kwa sauti ile iliyokuwa na subira ya mtu aliyefundisha miaka thelathini, mtu akaanza kusoma majina, akisoma kwanza majina ya watu wa kijiji waliozama tangu Rispa akiwa mtoto, na baada ya kila jina, kutoka gizani, kutoka upande wa maji, pakaitikwa na sauti iliyojaa maji, niko hapa, niko hapa, niko hapa, mpaka orodha ikafika mwisho, na yule msomaji akanyamaza kidogo, namna ambavyo Mwalimu alikuwa akinyamaza kila asubuhi akigeuza ukurasa.

"Phelesia," ikaita. Ikangoja. "Rispa." Ikangoja tena.

Rispa akamnyang'anya mama yake sufuria. Akagonga. Aligonga juu ya sauti ya baba yake, aliyempenda kuliko mtu yeyote duniani, aligonga huku machozi yanamtiririka na macho ameyafumba kabisa, na kila sauti ilipotaka kupenya akagonga kwa nguvu zaidi, mpaka mkono ukafa, akahamishia mkono wa pili, mpaka hatimaye akasikia mashariki, boma la jirani, wamepokea. Akafumbua macho.

Mama yake hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama mlangoni, kiganja juu ya komeo, na midomo yake ilikuwa inasogea. Kelele za sufuria zilikuwa zimekatika, kwa hiyo Rispa alisikia neno la mwisho tu.

"...hapa."

"Mama, umesema nini?"

Phelesia akageuka. Uso wake ulikuwa mchangamfu, kama wa mwanamke kijana anayetoka na mumewe. "Viatu vyangu umeviona?" akauliza. "Baba yako hapendi kungojea."

Rispa akamsogeza kutoka mlangoni, akakaa chini, akauegemeza mgongo kwenye komeo, akaweka sufuria mapajani, akaanza kugonga tena. Ufukweni kote watu walikwisha maliza, wakarudi kulala. Majogoo wakawika, kukapambazuka, wachuuzi wa samaki wakapita barabarani wakishangaa, naye bado anagonga, kwa mikono miwili iliyovimba, hawezi kuacha. Na mbele yake, kitandani, mama yake alikuwa amekaa kimya, amevaa viatu, anangojea achoke.